Kabla hujashuka Shimoni kwenda kutizama pomboo

Watu wengi hapa Mombasa wakipanga safari ya Kisite, ile hifadhi ya baharini inayoendewa kwa boti kutoka Shimoni, wanaanza na bei ya boti. Mimi naomba muanze na upepo, manake bahari haijui kama wewe umepata ofu Jumamosi. Mwaka juzi tulienda mwezi wa saba familia nzima, watoto sita na mamamkwe wangu, kusi, ule upepo wa kusini, imekaza kweli kweli na dipoziti tushalipa kwa hivyo hakuna aliyetaka kusikia habari ya kuahirisha, basi tulipotoka tu kwenye kivuli cha kisiwa cha Wasini mawimbi yakaanza kutupiga ubavuni, mamamkwe akatapika mpaka akalala chini kwenye boti, na hao pomboo tuliwaona mara moja tu kwa mbali. Pesa si kitu, kilichoniuma ni yule mama, alikuwa na hamu ya ile safari tangu Ramadhani.

Kwa hivyo tarehe kwanza. Kusi ikishalegea, kuanzia mwezi wa kumi hivi mpaka wa tatu, kaskazi, upepo wa kaskazini, nayo ikiwa imetulia, ndio wakati maji yanakuwa safi na unaona matumbawe mpaka chini. Mwezi wa nne na wa tano ni masika, mvua inashusha tope baharini, hata ukizamia huoni kitu. Lakini kama roho yako iko kwa nyangumi basi hesabu inageuka, manake wale nyangumi wa nundu wanapanda kutoka bahari za kusini huko kwenye barafu kuja kuzalia maji ya moto, na huku kwetu wanapita kuanzia mwezi wa saba mpaka wa tisa, yaani kusi yenyewe. Hapo chagua boti kubwa, toka asubuhi mapema upepo haujaamka, na wazee na watoto wadogo waacheni nyumbani. Siku moja kabla sikiliza utabiri wa bahari, halafu umpigie nahodha umuulize yeye anaonaje, na akisema kesho hapana usimbembeleze.

Baada ya upepo, tizama mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huku kwetu maji hupwa saa nne saa tano asubuhi, na kupwa kwenyewe ni kupwa haswa. Uzuri wake fungu la mchanga la Kisite linatoka juu, watoto wanacheza katikati ya bahari. Ubaya wake ni kushuka Wasini, boti haifiki ufukweni, mnatembea kwenye maji na mawe, na mtu mwenye magoti mabovu atateseka. Mimi kwa familia napenda maji mafu, yaani siku mwezi ukiwa nusu, mkondo hauvuti sana na anayejifunza kuogelea hachukuliwi.

Sasa boti. Usilipe kwa simu mtu ambaye hujaiona boti yake, madalali ni wengi. Muulize mashine ziko ngapi, ikizima moja mnarudi na nini, ana redio ama anategemea simu tu, na laifu jaketi za watoto anazo za saizi yao, manake jaketi la mtu mzima kwa mtoto wa miaka mitano linamponyoka akiingia majini. Mtoto avalishwe hapo hapo gatini, si mpaka mawimbi yaanze. Na bei aliyokutajia ina nini ndani? Kiingilio cha hifadhi, chakula cha Wasini, miwani ya kuzamia, kila kimoja kiulizeni mbali mbali. Kiingilio cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kinalipwa kwa mtandao, eCitizen, kwa hivyo lipeni mkiwa nyumbani kwenye intaneti nzuri, na kila mkubwa abebe kitambulisho, la sivyo utatozwa bei ya mgeni.

Hili lingine nalisema kwa moyo wote. Kabla ya kutoa pesa muulize nahodha, ukiwaona pomboo unafanyaje? Akikujibu atawafukuza mpaka muwashike mkia, tafuta mwengine. Pomboo si samaki, anavuta hewa kama sisi na ananyonyesha, na mchana anahitaji kupumzika, sasa boti nne zikimzunguka na mashine zinanguruma anazama na mtoto wake, anahama. Nahodha mzuri anapunguza mwendo kutoka mbali, anakwenda nao sambamba, hakati mbele yao, na mara nyingi wenyewe ndio wanakuja kucheza kwenye omo, mbele ya boti. Hapo ndio utaona raha yake! Msiwarushie chakula, msiruke majini juu yao.

Kisite ni hifadhi tangu 1973, kilomita mraba 28 ambazo kuvua hakuruhusiwi kabisa, Mpunguti pembeni wavuvi wanaruhusiwa kwa njia za asili. Kwa hivyo waambieni watoto mapema, kombe haliokotwi, kiti cha pweza hakitolewi majini hata kwa picha, na matumbawe hayakanyagwi, ni hai yale. Chupa za maji za plastiki za kutupa zimepigwa marufuku kwenye hifadhi tangu Juni 2020, bebeni flaski na madumu.

Njiani, mwenye gari siku hizi apite barabara ya Dongo Kundu, foleni ya feri ya Likoni asubuhi inaweza kukuharibia siku nzima. Saa kumi na moja alfajiri muwe mshatoka. Na najua mahamri na mbaazi ya nazi ni tamu lakini si asubuhi ya safari, mafuta yale na mawimbi hayapatani, kuleni mkate mkavu na chai ya tangawizi. Anayelewa bahari anywe dawa saa moja kabla ya kupanda, si akishaanza kutapika, na mjamzito amuulize wa duka la dawa kwanza. Kaeni nyuma ya boti macho mbali kwenye upeo.

Jua la majini linapiga mara mbili, juu na chini, kwa hivyo mikono mirefu, kofia ya kufunga na leso mbili tatu, hizo ni bora kuliko losheni ambayo ukiingia majini inaoshwa inabaki kwa matumbawe. Viatu vya mpira kwa ajili ya wale viumbe wa miiba mieusi wanaokaa chini majini. Simu kwenye mfuko usiopitisha maji. Na nguo kavu iacheni garini, mkirudi Shimoni alasiri mtoto ameloa na upepo unavuma ndio utaikumbuka.