Mwiba wa tasi ukikuchoma, anza hivi

Napaa samaki Feri, hapa Mtwara. Miba ya tasi imenichoma hadi nimeacha kuhesabu, ila mmoja ulinitesa nusu mwaka.

Ukichomwa, weka kisu chini. Usisuuze kidole kwenye beseni la samaki wala usichote maji ya bahari. Humo ndimo vijidudu vilimo. Maji ya bomba na sabuni, damu itoke, kipande cha mwiba kinachoonekana kitoe. Sumu ya tasi huuma hata akiwa mfu, kwa hiyo loweka kidole kwenye maji ya moto ya kuvumilika, nusu saa hivi au zaidi, ukiyapima kwanza kwa mkono usiochomwa. Mambo ya majivu na mafuta ya taa sitaki hata kuyasikia. Sindano ya pepopunda, kama hukumbuki ya mwisho ulichoma lini, kachome.

Uvimbe ukipanda mkono upesi, malengelenge yakitoka au homa ikipanda, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Viko vijidudu vya maji ya chumvi yenye joto, vibrio, vinavyoweza kuua ndani ya siku chache. Ni nadra, lakini mwenye ugonjwa wa ini asifanye mchezo.

Kijidudu kilichonipata mimi hakikuwa hicho. Kidonda kilifunga vizuri, halafu wiki ya tatu kikaota kijivimbe kama punje ya mbaazi, chekundu cha kuelekea zambarau, wala hakiumi sana. Duka la dawa wakanipa amoksilini. Nikarudia dozi. Vikaongezeka viwili, vimejipanga mstari kuelekea kiwikoni. Zahanati moja wakapasua wakijua ni jipu, usaha hakuna.

Mpaka daktari mmoja akauliza, "Mama, unafanya kazi gani?" Akakata kinyama kidogo kipelekwe maabara. Kumbe mikobakteria marinumu, ndugu yake kijidudu cha TB, ila huyu hukaa majini na kwa samaki, na mtu akiwa naye hamwambukizi mwingine. Anapenda ubaridi kuliko joto la mwilini, ndiyo maana hung'ang'ania vidole. Nilimeza dawa aina mbili, miezi minne.

Basi usingoje kuulizwa. Taja samaki, tarehe ya kuchomwa na dawa ulizokwisha kunywa. Kinyama kikikatwa, mkumbushe daktari kwa adabu awaandikie maabara kwamba unashika samaki: mikobakteria huyu huoteshwa kwenye nyuzi 30 hivi, na huchukua wiki kadhaa. Wakimweka kwenye 37 kama wengine, huenda asiote kabisa.