Kabla ya kupandisha paneli za kupasha bwawa juu ya paa

Bwawa la nyumbani jijini Nairobi lina misimu yake. Februari watoto hukataa kutoka majini. Julai hutumbukiza vidole vya mguu, wakapiga kelele na kurudi ndani. Tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka hadi kama nyuzi 12. Ukitaka kulipasha kwa jua, kuna mambo ya kumaliza kabla ya kumwita fundi.

Piga hesabu ya maji kwanza. Bwawa la mita 8 kwa 4, lenye kina cha wastani cha mita 1.4, hubeba karibu lita 45,000. Kulipandisha nyuzi moja tu kunataka joto sawa na uniti 52 za umeme. Kutoka nyuzi 19 hadi 27, zidisha mara nane, na hapo hujagusa linalopotea usiku. Amka saa kumi na mbili asubuhi uangalie ule mvuke mwembamba unaotambaa juu ya maji: hilo ni joto lako linaondoka. Sehemu kubwa ya joto la bwawa la nje hutoroka kwa njia hiyo. Kwa hiyo nunua kifuniko cha plastiki chenye viputo kabla hujanunua paneli hata moja. Asiyefunika bwawa usiku anapasha hewa ya jirani.

Ukifika dukani, sema wazi kwamba hutaki paneli za umeme. Unataka za kupasha maji, na kwa bwawa zinazofaa zaidi ni zile nyeusi za plastiki au mpira, zenye vijibomba vyembamba na zisizo na kioo. Maji ya bwawa hayahitaji kuchemka, kwa hiyo kioo ni gharama ya bure. Upungufu wake ni upepo, ambao huzipokonya joto. Tafuta upande wa paa uliokingwa. Kuhusu ukubwa, jumla ya paneli isipungue nusu ya eneo la bwawa. Kwa anayetaka kuogelea Julai, mimi husema zikaribie eneo lote, yaani mita za mraba 32 kwa bwawa hilo letu.

Mwelekeo ndio uliotugharimu sisi. Kijitabu kilichokuja na paneli kilisema zitazame kusini, na fundi akakifuata neno kwa neno. Kiliandikiwa watu wa Ulaya. Hapa kwetu, karibu kabisa na ikweta, jua la Desemba hupita kusini mwa utosi na la Juni hupita kaskazini, kwa karibu nyuzi 25 adhuhuri. Baridi yetu ni ya Juni hadi Agosti, basi paneli zitazame kaskazini. Tena asubuhi za Julai mara nyingi hufunikwa na mawingu, jua likajitokeza mchana. Ukiwa na paa la kaskazini-magharibi, lichague kuliko la mashariki. Zetu tulizishusha na kuzifunga upya, na mashimo ya zamani kwenye mabati yakabaki ya kuzibwa.

Vivuli navyo vikaguliwe Juni au Julai yenyewe, saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa. Mti usiosumbua Desemba unaweza kulaza kivuli juu ya nusu ya paa Juni.

Mwonyeshe fundi kenchi pia, maana paneli zikijaa maji uzito huongezeka. Ahakikishe pampu iliyopo inaweza kusukuma maji hadi kule juu. Maji yapite kwenye chujio kwanza, yaingie paneli kwa chini na kutokea juu ili hewa isikwame. Klorini iongezwe baada ya paneli. Siku ya kujaribu, panda ngazi saa saba mchana uweke kiganja juu ya paneli. Ikiwa ya moto, usifurahi: maji yanapita polepole mno na joto linaishia hewani. Inatakiwa iwe vuguvugu tu.

Na kabla hujamlipa, muulize ile vali ya kuzuia maji ya moto kurudi juu ya paa usiku iko wapi. Akuonyeshe kwa kidole.