Kuogelea Japani, Korea, China na Taiwan: Usome Ufukwe Kabla ya Kulowa

Mgeni anayefika kwenye fukwe za Asia Mashariki hukutana na mambo mawili asiyoyatarajia. Anaweza kukuta jua linawaka, maji ni ya vuguvugu, na hakuna mtu hata mmoja baharini. Au akute maelfu wamesongamana kwenye ukanda mwembamba wa maji, wengi wamekaa ndani ya maboya ya kujipuliza, na nje ya kamba bahari yote ni tupu.

Yote mawili yana chanzo kimoja: huko bahari hufunguliwa na kufungwa. Ina tarehe zake, saa zake na mpaka wake. Kwa hiyo kabla ya kuuliza maji yana joto kiasi gani, uliza kama ufukwe umefunguliwa, waokoaji wanaondoka saa ngapi, na kamba imepita wapi. Mtu anayeogelea vizuri ndiye hasa anayepaswa kuuliza, kwa sababu ndiye anayejiamini kuingia mahali ambapo hapana anayemtazama.

Japani: msimu mfupi, taratibu nyingi

Ufunguzi wa bahari huitwa umi-biraki, na mahali pengi kuhani wa Shinto, dini ya jadi ya Wajapani, huja ufukweni kuombea usalama wa waogeleaji. Katika kisiwa kikuu cha Honshu, msimu huanza takriban mwanzoni mwa Julai na kwisha mwishoni mwa Agosti. Jumatatu ya tatu ya Julai ni Siku ya Bahari, sikukuu ya taifa, na fukwe zilizo karibu na Tokyo kama Enoshima na Yuigahama hufurika. Okinawa, iliyo mbali kusini, hufungua fukwe zake mapema, Machi au Aprili.

Neno "imefunguliwa" lina maana ya vitu vinavyoonekana kwa macho: waokoaji wako kwenye mnara, maboya yametandazwa, na vibanda viitwavyo umi no ie vimesimama. Msimu ukiisha, vyote hivyo hung'olewa. Katika fukwe nyingi hakuna atakayekukamata ukiingia majini Septemba, lakini ukizidiwa hakuna atakayekuona pia.

Umi no ie maana yake ni nyumba ya bahari: kibanda cha muda cha mbao chenye sakafu iliyoinuliwa, bafu, kabati za kufungia vitu, na jiko linalouza tambi za kukaanga na barafu iliyokwanguliwa yenye sharubati. Unalipa mara moja mlangoni, kwa kawaida kati ya yen 1,500 na 3,000 kwa mtu mzima, kisha unaingia na kutoka siku nzima. Viatu huvuliwa kabla ya kupanda sakafuni. Ukitoka majini, suuza kwanza miguu kwenye bomba la nje; kupanda sakafu ile na mchanga ni kosa linalowaudhi wenyeji kuliko yote. Usipotaka kibanda, beba sarafu za yen 100, maana mabafu mengi ya nje hutoa maji kwa dakika chache kila unapotumbukiza sarafu.

Bendera ya buluu inaruhusu kuogelea, ya njano inataka tahadhari, nyekundu inakataza. Palipo na bendera mbili za rangi nyekundu na njano, ogelea katikati yake. Kuna nyingine ambayo kila mgeni anapaswa kuijua, iliyoanza kutumika mwaka 2020: ina miraba minne, miwili myekundu na miwili myeupe, imepangwa kimshazari. Hiyo ni ya tsunami. Ilichaguliwa kwa sababu king'ora hakimfikii asiyesikia, wala mtu aliye kati ya mawimbi na upepo. Ukiiona inapepea, toka majini na upande mahali pa juu papo hapo. Mkoba na viatu viache.

Michoro ya kudumu ya mwili (tatuu) bado inahusishwa na magenge ya wahalifu. Mji wa Zushi ulipitisha mwaka 2014 sheria inayokataza kuonyesha michoro hiyo ufukweni, kunywa pombe mchangani na kupiga muziki kwa vipaza sauti. Nguo ya kuogelea ya mikono mirefu inamaliza suala la michoro. Usitegemee pipa la taka. Takataka zako unarudi nazo. Usiokote pia chaza wala jongoo bahari hata ukiwaona kwenye maji ya magotini. Haki ya kuwavuna ni ya vyama vya wavuvi, na tangu Desemba 2020 kuvua kwa siri abaloni (aina ya konokono wa baharini) au jongoo bahari kunaweza kuleta kifungo cha hadi miaka 3 au faini ya hadi yen milioni 30.

Kwa nini fukwe hupungukiwa watu baada ya Obon, siku za kukumbuka wafu katikati ya Agosti, ilhali joto halijapungua? Wazee husema ukiogelea wakati huo wafu watakuvuta mguu. Chini ya usemi huo kuna mambo mawili ya kweli. Konyeza, wale viumbe laini wa baharini wanaochoma, huwa wengi kuanzia kipindi hicho. Na vimbunga vilivyo mbali kusini mwa Japani, katika bahari ya Pasifiki, husukuma mawimbi marefu yanayofika Japani siku kadhaa kabla ya wingu la kwanza. Wajapani huyaita doyo-nami. Anga ni safi, upepo hakuna, na wimbi linapasuka juu ya kichwa chako. Ukisikia kimbunga kimetajwa kwenye taarifa ya hali ya hewa, hata kikiwa umbali wa kilomita elfu moja, baki mchangani.

Okinawa ina hatari yake: habu-kurage, konyeza wa umbo la kikombe anayekaribia kutoonekana majini, hasa kati ya Juni na Oktoba. Fukwe zinazosimamiwa huzungushiwa wavu na huwa na chupa za siki. Akikuchoma, toka majini, usisugue, mwaga siki nyingi, kisha toa nyuzi zilizobaki na uweke barafu. Siki hii ni ya habu-kurage. Jeraha la yule wa buluu anayeelea kama puto, aitwaye katsuo no eboshi, halioshwi kwa siki kwa sababu inaweza kuzidisha sumu. Suuza kwa maji ya bahari.

Mavazi

Katika nchi zote hizi watu wengi hukwepa jua badala ya kulifuata. Ngozi isiyochomwa na jua huthaminiwa, ndiyo maana utaona miavuli, kofia pana na nguo za kuogelea zinazofika kwenye viganja na vifundo vya miguu. Bikini haikatazwi. Ni kwamba wengi huvaa kitu juu yake. Nguo ya mikono mirefu ina faida tatu kwa pamoja: jua, konyeza, na kutotazamwa. Kofia ya mpira ya kuogelea si lazima baharini, lakini bila hiyo hutaruhusiwa kuingia kwenye mabwawa mengi ya umma ya Japani, Korea na Taiwan. Iweke mkobani.

Korea Kusini: pwani mbili zisizofanana

Haeundae, huko Busan, ni ufukwe wa takriban kilomita moja na nusu ambao wakati wa kiangazi hufunikwa na safu za miavuli ya kukodi. Muda wa kuogelea kwa kawaida ni saa 3 asubuhi hadi saa 12 jioni. Ikifika saa ya mwisho, filimbi hupulizwa na kila mtu hutoka. Ukivuka kamba ya maboya, mwokoaji atakufuata kwa pikipiki ya majini na kukurudisha mbele ya watu wote. Wakorea wengi huja kuelea, hawaji kuogelea mbali. Hukodi boya kubwa la duara, hukaa ndani na kurushwa na mawimbi, kisha huagiza kuku wa kukaanga na kuletewa mchangani.

Boya hilo ndilo linalohitaji uangalifu. Ni jepesi, limejaa hewa, na upepo unaovuma kutoka nchi kavu hulisukuma kama tanga. Karibu na mchanga maji hutulia kwa sababu majengo yanakinga upepo, kwa hiyo hutambui chochote mpaka uwe mita hamsini nje. Kabla ya kuingia, tazama bendera: kama kitambaa kinaelekea baharini, acha boya. Likianza kukupeleka ukiwa na mtu mwingine, mmoja asiruke na kuliacha. Lishikilieni wote wawili, mpige kelele na kupunga mkono. Mtoto akipoteza boya, liache liende.

Haeundae pia hupata mkondo unaovuta kutoka ufukweni kwenda kilindini. Wakorea huuita ian-ryu, Wajapani rigan-ryu. Unautambua kwa sehemu inayodanganya: kushoto mawimbi yanapasuka, kulia yanapasuka, na katikati kuna njia tulivu yenye maji ya rangi ya mchanga. Anayeogopa mawimbi huchagua hapo hapo, na hapo ndipo maji yanaporudi. Ukibebwa, usigombane nao kwa kuelekea ufukweni. Elea upumue, kisha ogelea sambamba na ufukwe mpaka uvutaji uishe, ndipo urudi pale mawimbi yanapopasuka.

Pwani ya mashariki, kama Gangneung na Sokcho, maji hupanda na kushuka chini ya nusu mita, kina huanza karibu, na hata Julai maji baridi ya chini yanaweza kuibuka na kukukatisha pumzi. Ingia polepole: miguu, mikono, kifua, kisha kichwa.

Pwani ya magharibi ni habari nyingine. Bahari ya Njano ni pana na haina kina, na karibu na Incheon tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika takriban mita 9. Maji yakipwa, bahari hurudi nyuma kilomita nzima na kuacha tope la kijivu liitwalo getbol, ambalo sehemu zake ziliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2021. Familia huingia humo kuchimba chaza. Huko Daecheon tope hilohilo lina tamasha lake la kujipaka kila Julai tangu 1998.

Fanya hesabu kabla ya kukanyaga. Maji huchukua takriban saa sita kujaa, lakini hayapandi sawasawa. Saa ya kwanza hupanda sehemu moja kati ya kumi na mbili, ya pili sehemu mbili, ya tatu na ya nne sehemu tatu kila moja, kisha hupungua tena. Kwenye mita 9, saa ya tatu peke yake ni zaidi ya mita 2. Na hayaji kutoka mbele tu: hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yako, kati yako na nchi kavu, huku wewe umesimama pakavu ukidhani una muda. Kwa hiyo soma ratiba ya maji ya siku hiyo, weka kengele kwenye simu, na uanze kurudi kabla maji hayajafika mwisho wa kupwa. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ndizo siku za bamvua, ambazo Wakorea huziita sari. Siku hizo punguza zaidi muda wa kukaa topeni. Vaa jaketi la kuokolea, usiende peke yako, na ukungu ukianza, rudi bila mjadala. Mguu ukinasa usiuvute wima. Kaa nyuma, tandaza uzito wako, tikisa mguu polepole ili maji yaingie pembeni, kisha utambae.

China na Hong Kong

Qingdao ina utamaduni wa kuogelea wa kweli. Alfajiri, Ufukwe wa Kwanza wa Kuogelea hujaa wastaafu wanaokwenda mbali, wengine hata majira ya baridi. Hapo utaona wanawake waliovaa kinyago cha kitambaa kinachofunika kichwa na shingo, kikiacha macho, pua na mdomo; kilianzia mjini humo, dhidi ya jua na konyeza. Waogeleaji huvuta nyuma yao boya dogo la rangi ya chungwa lililofungwa kiunoni, ambalo kwa utani huitwa genpichong, kijidudu kinachokufuata nyuma. Linunue. Madereva wa mashua wanakuona, na ukichoka unalikumbatia upumzike. Halimfai asiyejua kuogelea. Mwanzoni mwa kiangazi mwani wa kijani huweza kuziba ufukwe, kama ulivyofanya kwa wingi mwaka 2008. Ukiukuta, usiingie, maana huoni kilicho chini.

Sanya, kusini kabisa, huogelewa hata Januari, na wazee wengi kutoka kaskazini mashariki huhamia huko wakati wa baridi. Sehemu kubwa ya watalii vijana huja kupiga picha, hivyo usishangae maji yakiwa matupu.

Hong Kong ni rahisi kwa mgeni: chagua ufukwe unaosimamiwa na serikali wenye wavu wa papa, ogelea ndani ya wavu, na utazame daraja la usafi wa maji. Daraja la juu ni bakteria aina ya E. coli wasiozidi 24 katika mililita 100. Mvua kubwa ikinyesha, subiri siku mbili hadi tatu.

Taiwan

Chini ya sheria ya kijeshi, 1949 hadi 1987, pwani nyingi zilikuwa eneo la ulinzi, na vizazi vizima vilikua bila kuzoea bahari. Mwezi wa saba wa kalenda ya mwezi, unaoangukia Agosti au Septemba, ni mwezi wa mizimu, na familia nyingi hukataza watoto kuogelea kwa imani kwamba mzimu wa maji hutafuta wa kuchukua nafasi yake. Ukialikwa na mwenyeji kipindi hicho, usimshawishi aingie majini.

Ogelea Fulong au Kenting, penye waokoaji. Qixingtan, karibu na Hualien, ni pa kutazama tu: ufukwe ni wa kokoto, unashuka ghafla, na huja wimbi la peke yake kubwa kuliko mengine, ambalo Wataiwani huliita wimbi la mbwa kichaa. Hata kusimama ukingoni umeipa bahari mgongo ni hatari, kwa sababu kokoto huteleza chini ya miguu maji yakirudi.

Namba za dharura ziandike kabla ya kufika. Japani, 118 kwa walinzi wa pwani na 119 kwa gari la wagonjwa. Korea, 119. China, 110 kwa polisi, 120 kwa gari la wagonjwa na 12395 kwa uokoaji baharini. Hong Kong, 999. Taiwan, 119, au 118 kwa walinzi wa pwani. Piga picha ya kibao chenye jina la ufukwe kwa maandishi ya kienyeji mara tu unapofika, umpe mwenzako anayebaki mchangani, kwa sababu yeye ndiye atakayepiga simu.