Altrasaundi moyo wa mgonjwa ukisimama
Wenzangu wa zamu ya usiku hapa Chake Chake, altrasaundi isimsimamishe anayekandamiza kifua. Hili naling'ang'ania. Paka jeli, bandika kichwa cha mashine kwenye chembe cha moyo, kikielekea bega la kushoto, mwenzako akiwa bado anakandamiza. Mkipumzika kupima mapigo, rekodi video tu. Mwingine ahesabu kwa sauti, na ikifika sekunde 10 ondoa mkono hata kama hukuona kitu. Video itazameni huku kifua kinakandamizwa tena.

Tafuta kwanza weusi wa maji au damu iliyouzunguka moyo: unaweza kutolewa kwa sindano, na moyo ukapiga tena. Upande wa kulia ukivimba, usikimbilie kusema donge la damu mapafuni. Moyo uliosimama hutanuka upande huo wenyewe.