Kuiongoza taasisi katika mageuzi ya kidijitali na matumizi ya akili mnemba

Kiongozi anayekusudia kuingiza akili mnemba (AI, yaani mifumo ya kompyuta inayojibu, kuandika au kuamua kama mtu) katika taasisi yake asianze kwa kuwaita wauzaji wa mifumo. Achague kazi moja inayolalamikiwa sana, kisha aifuatilie kituo kwa kituo. Tuseme ni ombi la malipo. Linapokelewa masijala na kugongwa muhuri, linaandikwa daftarini, linapanda kwa mkuu wa kitengo kusubiri saini, kisha linashuka uhasibu, ambako karani huchapa upya maelezo yale yale ambayo mwombaji alikwisha kuyachapa. Katika kila kituo yaandikwe mambo mawili: kazi yenyewe ilichukua dakika ngapi, na faili lililala mezani siku ngapi. Mara nyingi hugundulika kwamba kinachochelewesha ni saini ya tatu ambayo hakuna anayekumbuka iliwekwa kwa nini. Saini ya namna hiyo ifutwe kabla ya kununua chochote, maana ikishahamishiwa kwenye mfumo, kuiondoa kutahitaji mkandarasi na bajeti.

Tatizo hili ni la zamani kuliko kompyuta. Umeme ulipoingia viwandani mwishoni mwa karne ya 19, wamiliki wengi waling'oa injini ya mvuke na kufunga mota moja kubwa mahali pake, huku mashine zote zikiendelea kuzungushwa na mihimili na mikanda ile ile. Tija ilipanda kwa kiasi kikubwa miongo kadhaa baadaye, hasa katika miaka ya 1920 nchini Marekani, kila mashine ilipopewa mota yake na sakafu ya kiwanda kupangwa upya kufuata mtiririko wa kazi. Mpango wa mageuzi usiotaja utaratibu gani utabadilika, na nani atapungukiwa mamlaka, ni mpango wa ununuzi tu.

Kuhusu data, inatosha kusema kwamba kama jina la mteja mmoja limeandikwa kwa namna tatu katika idara tatu, kulisawazisha ndiyo kazi ya kwanza, nayo haina njia ya mkato.

Majaribio ya mfumo mpya yafanyike kwa kazi ile moja tu, na kabla hayajaanza iandikwe ni kiwango gani cha makosa kitakachoyasitisha, kwa kuwa fedha zikishatumika ni vigumu kumpata mtu wa kusema kwamba mfumo haufai.

Jambo linalostahili muda mwingi zaidi wa kiongozi ni uwajibikaji. Mwaka 2024 baraza la usuluhishi katika jimbo la British Columbia, Kanada, liliamua shauri la abiria wa Air Canada ambaye, baada ya kufiwa, alielezwa na programu ya mazungumzo kwenye tovuti ya shirika hilo kwamba angeweza kuomba punguzo la nauli baada ya safari, kinyume cha kanuni za shirika. Shirika lilijitetea kana kwamba programu hiyo inajitegemea na kubeba dhamana ya maneno yake. Baraza likakataa na kuamuru abiria alipwe. Kwa hiyo kila mfumo unaojibu au kuamua kwa niaba ya taasisi uwe na mtu mmoja anayetajwa kwa cheo, mwenye mamlaka ya kuuzima siku hiyo hiyo bila kusubiri kikao. Kuikabidhi dhamana hiyo kwa kamati ni kuificha.

Watumishi, kwa upande wao, huwa wamekwisha kuanza kutumia zana za akili mnemba kimyakimya. Mwaka 2023 Samsung ilizuia programu za aina hiyo kwenye vifaa vyake baada ya wafanyakazi kupakia msimbo wa programu za kampuni, ambao ni siri, kwenye ChatGPT, programu ya akili mnemba inayojibu maswali na kuandika. Katazo peke yake, hata hivyo, huwahamishia watu kwenye simu zao binafsi. Ni afadhali utolewe waraka wa ukurasa mmoja unaotaja waziwazi kisichopaswa kubandikwa humo kamwe (taarifa za wateja, mishahara, mikataba, nenosiri), zana zilizoidhinishwa, na kwamba aliyetia saini andiko ndiye anayelijibia, awe amesaidiwa na mashine au la. Kuhusu ajira, kama kuna nafasi zitakazofutwa, wahusika walisikie hilo kwa kiongozi mwenyewe, pamoja na mafunzo watakayopewa na tarehe ya kuanza, kabla mzabuni hajalidokeza katika semina.