Namna ya Kupeleka Tatizo la Kiwanda Chako kwenye Taasisi ya Utafiti wa Teknolojia

Mwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti Singida au Dodoma akiona mafuta yanapungua, mara nyingi hukimbilia kununua mashine nyingine. Kabla ya kutoa fedha hizo, inafaa apite kwanza kwenye taasisi ya umma ya utafiti wa teknolojia, kwa kuwa taasisi hizo zilianzishwa kwa sheria za Bunge ili kuvihudumia viwanda vya nchini, vidogo na vikubwa.

Hatua ya kwanza ni kuchagua mlango sahihi. TEMDO, iliyoanzishwa mwaka 1980 na yenye makao yake Arusha, inashughulika na usanifu wa mitambo: mashine za kusindika mazao, vifaa vya hospitali, vinu vya kuteketezea taka. CAMARTEC, iliyopo Arusha pia, inahusika na zana za kilimo na teknolojia za vijijini, na mitambo yake ya biogesi iliyojengwa kwa matofali chini ya ardhi inajulikana sana kwa wafugaji wa kaskazini. TIRDO ya Dar es Salaam, ya mwaka 1979, ina maabara za kupima vyakula, kemikali na malighafi. Ikiwa hujui pa kuanzia, nenda ofisi ya SIDO (shirika la kuhudumia viwanda vidogo) ya mkoa wako, ambako maofisa wataweza kukuelekeza. Msomaji wa Kenya ataanzia KIRDI, taasisi ya utafiti wa viwanda ya nchi hiyo, ambayo nayo ilianzishwa mwaka 1979, baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali.

Hatua ya pili ndiyo yenye uzito kuliko zote, nayo hufanyika kiwandani kwako kabla hujaandika barua yoyote: pima. Mhandisi akiambiwa kwamba mashine haikamui vizuri, hana pa kushika. Akipewa namba, anaanza kazi siku hiyo hiyo. Chukua kilo 100 za mbegu zilizopepetwa, zikamue kama kawaida yako, kisha upime kwenye mizani mafuta yaliyochujwa, mashudu (mabaki ya mbegu yanayolishwa mifugo) na machicha yaliyobaki kwenye chujio. Tuseme umepata kilo 24 za mafuta, yaani takriban lita 26, na kilo 74 za mashudu. Peleka sampuli ya mashudu hayo maabara, ukiwa umeifunga kwenye mfuko usiopitisha unyevu na kuiandika tarehe. Maabara ikikuta mafuta ni asilimia 14 ya mashudu, maana yake zaidi ya kilo 10 za mafuta zinatoka kiwandani kwako kwa bei ya chakula cha mifugo. Rudia kipimo hicho kwa mbegu za wakulima tofauti, na kila mara upime unyevu wa mbegu pia, kwa sababu mbegu mbichi huteleza ndani ya mashine bila kukamuliwa sawasawa, na zilizokauka kupita kiasi huvunjikavunjika na kutoa machicha mengi. Huenda ukagundua kwamba unachohitaji ni sehemu ya kuanikia na kifaa cha kupashia mbegu joto, na mashine uliyonayo ikabaki pale pale. Naamini kabisa kwamba kipimo hiki cha siku chache huokoa fedha nyingi kuliko mkopo wowote wenye masharti nafuu.

Andika barua fupi kwa mkurugenzi mkuu wa taasisi, ukieleza unachozalisha, vipimo ulivyopata, kiasi unachotaka kusindika kwa saa, aina ya umeme ulionao (wa njia moja au njia tatu), na bajeti yako. Ambatisha picha za mashine pamoja na matokeo ya maabara. Omba wahandisi waje kiwandani, hata kama utagharimia safari yao, kwa maana mambo mengi yanayoharibu kazi, kama vile vumbi, kushukashuka kwa umeme na namna kijana anayelisha mashine anavyomimina mbegu, hayaonekani kwenye karatasi.

Mkiafikiana, msianze kazi kwa maneno matupu. Mkataba utaje kiwango cha ukamuaji kitakachohesabiwa kuwa ni mafanikio, muda wa kila hatua, malipo kwa awamu, na nani atamiliki michoro. Hapo kwenye michoro pana ugomvi wa baadaye: taasisi ya umma kwa kawaida hutaka teknolojia iwafikie wengi, wewe unataka kurudisha gharama zako kwanza. Yote mawili ni haki, na yanaweza kupatanishwa kwa kuandika kipindi maalumu ambacho utaitumia peke yako. Sisitiza pia kwamba shafti, beringi na mikanda iwe ya vipimo vinavyopatikana madukani mkoani kwako, na kwamba fundi wako ashiriki katika kuunda mashine ya mfano ili aweze kuitengeneza ikiharibika.

Majaribio ya kukabidhiana yafanyike kwa mbegu zako, kwa umeme wako, mfululizo kwa siku kadhaa za kazi, kwa utaratibu ule ule wa mizani uliotumia mwanzoni. Usilipe awamu ya mwisho kabla ya hapo.

Kama kuna uvumbuzi mpya, wasilisheni maombi ya hataza (haki ya kisheria ya mwenye uvumbuzi) kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kabla ya kuuonyesha kwenye maonyesho ya Sabasaba au Nane Nane, kwani kilichokwisha kuonekana hadharani chaweza kukosa sifa ya upya inayodaiwa na sheria. Mafuta yenyewe yatahitaji alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na mjasiriamali mdogo huanza safari hiyo kwa barua ya utambulisho kutoka SIDO. Iombe mapema, wakati mashine ingali karakana, ili ukaguzi usicheleweshe msimu wa mavuno.