Zima arifa ukianzia ndani ya programu

Wateja wengi huniambia, "Fundi, meseji zangu zimefichwa, hazisomeki." Simu yenyewe iko mezani, imefungwa, na jina la aliyemtumia meseji linang'aa kwenye kioo.

Tena kioo ni tatizo dogo. Arifa ya iPhone hupitia seva, yaani kompyuta kuu, za Apple, na ya simu nyingi za Android hupitia za Google. Kila programu hupewa tokeni, yaani anwani ya kufikisha arifa kwenye simu yako, na tokeni hiyo inaweza kuunganishwa na akaunti yako. Desemba 2023 Seneta Ron Wyden aliiandikia Wizara ya Sheria ya Marekani kwamba serikali zimekuwa zikidai rekodi za arifa hizo kwa kampuni hizi mbili. Hata maneno yakiwa yamefichwa, hubaki ni programu gani, saa ngapi, simu ya nani. Mwezi huohuo Apple ikaanza kutaka amri ya jaji kabla ya kuzitoa.

Hatua ya 1. Fungua Mipangilio, kisha Arifa, upitie orodha yote ya programu. Utashangaa tochi nayo inataka kukutumia arifa ya nini. Usiyoihitaji, ifute kabisa.

Hatua ya 2. Kwa zilizobaki, zima arifa ndani ya programu yenyewe kwanza. Watu wengi hukosea hapa. Ukizima kwenye Mipangilio ya simu tu, wewe huoni kitu, lakini mara nyingi seva inaendelea kutuma na rekodi inaendelea kuandikwa.

Hatua ya 3. Kama huwezi kuzima, punguza kilichomo. Signal, programu ya meseji, hutuma arifa tupu ya kuiamsha programu, halafu programu inachukua meseji yenyewe. Bado, ingia sehemu yake ya arifa uchague jina na ujumbe visionekane.

Hatua ya 4. Ficha maudhui kwenye skrini iliyofungwa. Hii haizuii serikali kuiomba kampuni rekodi. Inamzuia askari au shemeji aliyeishika simu.

Hatua ya 5. Kwenye Android, zima historia ya arifa. Ikiwa imewashwa, meseji uliyofuta bado inaweza kusomeka humo.

SMS, zikiwemo za M-Pesa, haziguswi na hatua ya 2 wala ya 3. Zile hupita kwa kampuni ya laini yako.